Hofu, Amri na Hesabu: Jinsi Mwenendo wa Watu Unavyobadili Mwendo wa Maradhi ya Mlipuko

Mwezi Septemba, 2014, wakati ugonjwa wa Ebola ulipokuwa ukienea katika nchi tatu za Afrika Magharibi, yaani Guinea, Liberia na Sierra Leone, wataalamu wa Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani walitoa hesabu iliyoushtua ulimwengu. Walisema kwamba ikiwa hapatachukuliwa hatua zaidi, na ikiwa watu hawatabadili mwenendo wao, basi ifikapo tarehe 20 Januari, 2015, idadi ya wagonjwa katika Liberia na Sierra Leone peke yake ingeweza kufikia 1,400,000, wakihesabiwa pamoja na wale wasioandikishwa popote. Siku hiyo ilifika, na idadi hiyo haikuonekana. Mlipuko huo ulipokwisha mwaka 2016, wagonjwa walioandikishwa katika nchi zote tatu walikuwa kiasi cha 28,600, na waliofariki zaidi ya 11,300.

Je, wataalamu hao walikosea kuzidisha? La. Kuzidisha kwao kulikuwa sahihi. Kilichovunjika ni lile neno dogo "ikiwa". Watu walibadili mwenendo wao, na serikali na mashirika nayo yalichukua hatua. Taarifa ile ile ya Septemba ilikuwa imeeleza pia kwamba kama kiasi cha asilimia 70 ya wagonjwa wangetunzwa mahali ambapo hawawezi kuwaambukiza wengine, na maiti wakazikwa kwa usalama, mlipuko ungekaribia kwisha katika muda huo huo. Magazeti mengi yaliandika hesabu ya kwanza na kuisahau ya pili.

Tukio hili linaonyesha tatizo kubwa la sayansi ya maradhi ya mlipuko. Mnajimu akitabiri kupatwa kwa mwezi, mwezi hausikii utabiri wake na kubadili njia. Lakini binadamu husikia. Akiambiwa kwamba maafa yanakuja, hujifungia nyumbani, huacha kupeana mikono, huahirisha harusi. Na kwa kufanya hivyo huyazuia maafa yale yale yaliyotabiriwa. Kwa hiyo mtu anayetaka kutabiri mwendo wa ugonjwa hana budi kutabiri pia mwendo wa watu, na serikali inayotaka kutoa amri haina budi kujua watu wangefanya nini hata kama amri isingetolewa.

Makundi matatu

Msingi wa hesabu hizi uliwekwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1927, na wanasayansi wawili. Anderson Gray McKendrick alikuwa daktari aliyefanya kazi miaka mingi nchini India. William Ogilvy Kermack alikuwa mtaalamu wa kemia ambaye mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 26, alipoteza uwezo wa kuona kwa sababu ya mlipuko wa alkali kali katika maabara. Kuanzia hapo alifanya hesabu zake kichwani, wenzake wakimsomea na kumwandikia. Wawili hao walijiuliza swali jepesi kulitamka: kwa nini mlipuko wa ugonjwa hukoma kabla ya kumwambukiza kila mtu?

Ili kujibu waliwagawa watu wote wa mji katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la watu wazima wa afya ambao bado hawajaupata ugonjwa na wanaweza kuupata. La pili ni la wagonjwa wanaoweza kuwaambukiza wengine. La tatu ni la wale waliokwisha toka katika ugonjwa, ama kwa kupona na kupata kinga, ama kwa kufa. Ugonjwa unapoenea, watu hutoka kundi la kwanza kuingia la pili, kisha hutoka la pili kuingia la tatu. Hawarudi nyuma.

Sasa, kila mgonjwa huwaambukiza watu wangapi kabla hajatoka katika kundi lake? Idadi hiyo na iitwe kizidishi. Kama kizidishi ni 2, mgonjwa mmoja huleta wawili, wawili huleta wanne, wanne wanane. Baada ya vizazi kumi vya namna hiyo, wagonjwa kumi wa kwanza watakuwa wameleta kizazi cha wagonjwa 10,240. Kama kizidishi ni 1.5, wagonjwa wa kizazi hicho cha kumi watakuwa 577 tu. Na kama kizidishi ni 0.9, watakuwa wamebaki watatu au wanne, na ugonjwa unazimika wenyewe. Mwanafunzi aone jinsi tofauti ndogo katika kizidishi inavyoleta tofauti kubwa mno mwishoni. Mpaka kati ya kuenea na kuzimika ni namba 1.

Hapo ndipo Kermack na McKendrick walipopata jibu lao. Kadiri watu wengi wanavyozidi kuugua na kupata kinga, ndivyo mgonjwa anavyozidi kukutana na watu ambao hawawezi tena kuambukizwa, na kizidishi hupungua. Kwa ugonjwa wenye kizidishi cha 2, nusu ya watu wakishapata kinga, kizidishi hushuka hadi 1 na mlipuko huanza kurudi nyuma. Lakini haukomi papo hapo. Wakati huo wagonjwa ni wengi sana, nao huendelea kuambukiza kwa msukumo ule ule, kama gari bovu la breki linaloteremka mlimani. Hesabu zinaonyesha kwamba mwishoni kiasi cha asilimia 80 ya watu huwa wameugua, ingawa asilimia 50 ingetosha kuuzuia ugonjwa. Hao asilimia 30 wa zaidi huugua kwa sababu tu mlipuko ulikwenda mbio.

Watu si punje za mchanga

Katika kielelezo hiki cha mwaka 1927, watu hukutana kama punje za mchanga zinazotikiswa ndani ya mtungi. Kila punje hugusana na nyingine kwa kiasi kile kile, leo na kesho, awe amekufa mtu mmoja mtaani au wamekufa mia. Kwa ugonjwa usioogopwa, dhana hiyo si mbaya. Kwa ugonjwa unaoua, dhana hiyo ni ya uongo.

Kizidishi kina sehemu tatu: siku ambazo mgonjwa anaweza kuambukiza, idadi ya watu anaokutana nao kila siku, na uwezekano wa ugonjwa kupita katika kila makutano. Sehemu ya kwanza ni ya maumbile ya kijidudu. Sehemu ya pili na ya tatu zimo mikononi mwa watu. Anayepunguza safari za sokoni hupunguza sehemu ya pili. Anayenawa mikono, anayefunika pua na mdomo au anayesimama mbali kidogo hupunguza sehemu ya tatu.

Mwaka 1993 mchumi Tomas Philipson na jaji Richard Posner wa Marekani, katika uchunguzi wao juu ya UKIMWI, walilieleza jambo hili kwa lugha ya uchumi. Ugonjwa ukiwa haba, hatari ni ndogo na watu hawaoni sababu ya kujinyima. Ukizidi, "bei" ya kutojihadhari hupanda, na watu hujihadhari. Kwa hiyo mlipuko hujifunga breki wenyewe. Lakini breki hiyo ina kasoro: ugonjwa ukipungua, hofu nayo hupungua, na watu hurudia mazoea yao. Hofu haimalizi ugonjwa, huushikilia tu.

Mji wa kubuni

Jambo hili litaeleweka vizuri zaidi kwa mfano ambao mwanafunzi anaweza kuufanya mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Namba zake ni za kubuni, lakini tabia yake ni ya kweli.

Hebu upatikane mji wa watu 1,000,000. Umeingia ugonjwa wenye kizidishi cha 2, na kila kizazi cha ugonjwa huchukua wiki moja. Kati ya wagonjwa 100, mmoja hufariki, na hufariki wiki tatu baada ya kuugua. Watu wa mji huu hawana habari nyingine ila habari za misiba. Kwa kila vifo 5 vinavyotangazwa katika wiki, hupunguza makutano yao kwa asilimia 10. Lakini hata wakiogopa vipi hawawezi kupunguza zaidi ya asilimia 80, kwa kuwa maji lazima yachotwe na chakula lazima kinunuliwe.

Tunaweza kujua mara moja mahali pa mizani. Vifo vikiwa 25 kwa wiki, makutano hupungua kwa asilimia 50, kizidishi hushuka kutoka 2 hadi 1, na ugonjwa hauongezeki wala haupungui. Vifo 25 ni sawa na wagonjwa wapya 2,500 kwa wiki. Mtu angedhani basi kwamba ugonjwa utapanda polepole hadi wagonjwa 2,500 na kutulia hapo. Hesabu ya wiki kwa wiki, ikianza na wagonjwa 100, yasema vingine:

Wiki ya 0: wagonjwa wapya 100, vifo 0
Wiki ya 4: wagonjwa wapya 1,568; vifo 2
Wiki ya 6: wagonjwa wapya 5,539, vifo 8
Wiki ya 8: wagonjwa wapya 12,775, vifo 30
Wiki ya 9: wagonjwa wapya 10,169, vifo 55
Wiki ya 11: wagonjwa wapya 1,627, vifo 128
Wiki ya 14: wagonjwa wapya 104, vifo 16
Wiki ya 15: wagonjwa wapya 140, vifo 7
Wiki ya 17: wagonjwa wapya 463, vifo 1

Mwanafunzi atazame kwa makini. Katika wiki ya 6, wagonjwa wapya wamekwisha pita mara mbili ya kiwango cha mizani, lakini mji umesikia misiba minane tu na bado masoko yamejaa. Katika wiki ya 11 vifo vinafikia kilele na kila mlango umefungwa. Kumbe wagonjwa wapya walikwisha anza kupungua wiki mbili nyuma. Katika wiki ya 14 misiba imepungua, watu wanapumua, wanarudi vijiweni, na mara ugonjwa unaanza kupanda tena. Hilo ndilo wimbi la pili. Halikuletwa na kijidudu kipya. Limeletwa na ukweli kwamba watu walikuwa wakiutazama ugonjwa kama ulivyokuwa wiki tatu zilizopita, mfano wa nahodha wa jahazi zito anayegeuza usukani na kuona chombo hakigeuki, akauzidisha, kisha chombo kinapogeuka hupita kiasi.

Aidha, mwanafunzi ajumlishe. Katika wimbi hili la kwanza wameugua watu kiasi cha 50,600, na wote waliofariki ni kama 506. Kielelezo cha punje za mchanga kingetabiri wagonjwa 800,000 na vifo 8,000. Hofu, pamoja na kuchelewa kwake, imeokoa maelfu ya watu. Lakini watu zaidi ya 949,000 hawajaugua, na kwa hiyo hawana kinga. Mlango wa wimbi la pili uko wazi kabisa.

Sasa libadilishwe jambo moja tu. Mji upate maabara na watangazaji, ili watu waambiwe kila wiki idadi ya wagonjwa wapya, si ya misiba ya zamani. Na wajihadhari kwa kiasi kile kile, yaani asilimia 10 kwa kila wagonjwa wapya 500. Hesabu hubadilika kabisa. Wagonjwa hupanda kutoka 100 hadi 196, 377, 696, 1,199, 1,823, 2,317, 2,486, kisha hutulia kwenye 2,500. Hakuna kilele cha 12,775 wala wimbi la kurudi. Hakuna dawa iliyogunduliwa, wala watu hawakuwa waoga zaidi. Kilichoongezeka ni habari za kweli zilizofika mapema. Hospitali yenye vitanda vichache huelewa vizuri sana tofauti kati ya wagonjwa 2,500 na wagonjwa 12,775 katika wiki moja.

Miji miwili ya mwaka 1918

Historia inatoa ushahidi. Homa kubwa ya mafua ya mwaka 1918 ilipofika Marekani, miji ilishika njia mbalimbali. Katika mji wa Philadelphia, wagonjwa wa kwanza walikuwa wamekwisha onekana kati ya Septemba, lakini tarehe 28 Septemba wakuu wa mji waliruhusu maandamano ya kuchangia fedha za vita, na watu kiasi cha 200,000 wakajazana barabarani. Shule, makanisa na majumba ya michezo vilifungwa tarehe 3 Oktoba, ugonjwa ukiwa umekwisha tapakaa. Katika mji wa St. Louis, mkuu wa afya, Dakta Max Starkloff, alifunga shule, makanisa na majumba ya michezo tarehe 7 Oktoba, siku mbili tu baada ya wagonjwa wa kwanza wa mjini kuandikishwa. Wakati wa kilele, kiwango cha vifo kwa wiki katika St. Louis kilikuwa kama moja ya nane ya kile cha Philadelphia.

Lakini simulizi ya St. Louis haiishii hapo. Mwezi Novemba mji ulilegeza masharti, na ugonjwa ukapanda tena, ikabidi masharti yarudishwe. Hali kama hiyo ilitokea San Francisco, ambako amri ya kuvaa barakoa iliondolewa tarehe 21 Novemba kwa shangwe, na kurudishwa Januari, 1919, kukiwa na upinzani wa chama kilichoundwa mahsusi kuipinga.

Mwaka 2007 watafiti Martin Bootsma na Neil Ferguson walichunguza upya takwimu za miji ya Marekani za mwaka 1918. Waliona kwamba hatua za wakuu wa miji ziliweza, pale zilipofanya kazi vizuri zaidi, kupunguza uambukizaji kwa asilimia 30 hadi 50. Takwimu zilionyesha pia kwamba, mbali na amri, watu wenyewe walipunguza makutano kadiri vifo vilivyozidi kuwa vingi. Hofu na amri zilifanya kazi pamoja.

Amri huongeza nini?

Ikiwa watu hujihadhari wenyewe, amri ya serikali ina faida gani? Mlipuko wa UVIKO-19 ulitoa nafasi ya kulipima swali hili kwa kiasi ambacho hakikuwezekana zamani, kwa kuwa simu za mkononi huacha alama za mahali mwenye simu alipopita.

Wachumi Austan Goolsbee na Chad Syverson wa Chuo Kikuu cha Chicago walitazama watu waliotembelea maduka na biashara zaidi ya milioni 2 za Marekani katika majira ya kuchipua ya mwaka 2020. Walilinganisha biashara za aina moja zilizo jirani, moja upande huu wa mpaka wa wilaya au jimbo lenye amri ya kubaki nyumbani, nyingine upande wa pili ambako amri haikutolewa au ilichelewa. Idadi ya wateja kwa jumla ilikuwa imeshuka kwa pointi 60 za asilimia. Kati ya hizo, ni pointi 7 tu zilizoweza kuelezwa na amri. Sehemu kubwa ya watu ilikuwa imekwisha jifungia kwa hiari, na kadiri vifo vilivyotangazwa karibu nao ndivyo walivyozidi kukaa ndani.

Msomaji asikimbilie kusema kwamba amri ni bure. Kwanza, amri na matangazo ya mahali pamoja ni habari kwa watu wa mahali pengine. Anayesikia kwamba jirani amefunga mlango, naye huufunga. Pili, hesabu ya hiari ina upungufu wa asili. Kijana mwenye afya anayeuza samaki feri hupima hatari yake na hasara yake. Hatari yake ni ndogo. Hasara ya kukosa mauzo ni kubwa. Kwa hiyo huenda kazini, na kwa upande wake hakukosea hesabu. Lakini katika hesabu hiyo hayumo bibi kizee wa nyumba ya tatu atakayeambukizwa na mtu aliyeambukizwa na kijana yule. Kila mmoja akijihadhari kwa kadiri ya faida yake mwenyewe, jumla ya tahadhari ya mji mzima hubaki pungufu ya ile ambayo wote wangeichagua kama wangekaa pamoja na kuafikiana. Kazi ya amri ni kuziba pengo hilo.

Hata hivyo, amri haijumlishiki na hofu kama vile 2 na 2 zinavyotoa 4. Turudi kwenye mji wa kubuni wenye habari za mapema. Serikali ikifunga shughuli fulani na kupunguza makutano kwa asilimia 30, kizidishi hushuka kutoka 2 hadi 1.4. Sasa watu hawahitaji tena hofu ya kupunguza nusu. Hofu ya kupunguza asilimia 29 yatosha kufikisha kizidishi kwenye 1. Mizani huhama kutoka vifo 25 hadi vifo 14 kwa wiki. Vifo vimepungua, lakini havikutoweka, kwa sababu amri ilipofanya kazi, watu walilegea. Serikali iliyotabiri matokeo bila kuwaza ulegevu huo itastaajabu na huenda ikawalaumu watu kwa ukaidi, kumbe wanafanya kile kile walichokuwa wakikifanya tangu mwanzo: kupima hatari.

Jambo hili linatoa pia njia ya kusoma utabiri kwa haki. Tarehe 16 Machi, 2020, kundi la watafiti wa Imperial College, London, lilitoa hesabu ya vifo 510,000 kwa Uingereza na milioni 2.2 kwa Marekani. Wengi waliifanya hesabu hiyo kuwa unabii. Watafiti wenyewe walikuwa wameandika kwamba hayo yangetokea kama pasingekuwa na hatua zozote wala mabadiliko ya hiari ya mwenendo, na kwamba hali hiyo haielekei kutokea.

Amri inapokosa imani

Afrika Magharibi ilifundisha somo jingine, nalo limenunuliwa kwa bei ghali. Tarehe 20 Agosti, 2014, serikali ya Liberia iliuzingira kwa askari mtaa wa West Point katika mji mkuu wa Monrovia, mtaa wa maskini wenye makumi ya maelfu ya watu. Hawakuarifiwa mapema. Chakula kilipanda bei siku ile ile. Ghasia zikazuka, risasi zikapigwa, na kijana mmoja akapoteza maisha. Siku kumi baadaye mzingiro uliondolewa. Ni vigumu kusema ulizuia maambukizo mangapi. Ni rahisi kuona kwamba ulivunja imani ambayo ilihitajiwa ili wagonjwa wajitokeze.

Mfano wa maziko ni wa kujifunza zaidi. Maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola huambukiza sana, na desturi ya kuosha na kugusa maiti ilikuwa njia kuu mojawapo ya kuenea kwa ugonjwa. Mwezi Agosti mwaka huo serikali ya Liberia iliamuru kwamba maiti wa Monrovia wachomwe moto. Kwa hesabu ya kijidudu, amri hiyo ilikuwa sahihi kabisa. Kwa hesabu ya watu, ilikuwa na kosa: familia nyingi ziliona ni afadhali kumficha mgonjwa na kumzika marehemu usiku kuliko kuona mwili wake ukigeuzwa majivu. Kila mgonjwa aliyefichwa hakuingia katika takwimu, lakini aliingia katika kizidishi. Mwezi Novemba Shirika la Afya Duniani lilitoa utaratibu mpya wa maziko ya usalama na heshima, uliowahusisha viongozi wa dini. Marehemu Mwislamu, badala ya kuoshwa kwa maji, aliweza kufanyiwa tayamamu na watu waliovaa mavazi ya kinga, kisha akavishwa sanda. Mwezi Desemba Liberia ilifungua eneo la makaburi mahali paitwapo Disco Hill, na uchomaji wa maiti ukakoma.

Katika Sierra Leone machifu walitunga sheria ndogo za vijiji juu ya wageni, wagonjwa na maziko, na wanavijiji wakazisimamia wenyewe. Mtaalamu wa elimu ya jamii, Paul Richards, aliyefanya utafiti nchini humo kwa miaka mingi, ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2016 jinsi wanavijiji walivyoanza upesi kufikiri kama wataalamu wa maradhi, na wataalamu nao wakajifunza kufikiri kama wanavijiji. Katika lugha ya hesabu, kiasi cha utii si namba iliyowekwa na maumbile. Ni matokeo ya jinsi amri ilivyotungwa.

Gharama na mfuko wa mtu

Kuna namba nyingine ambayo vielelezo vya zamani havikuwa nayo: akiba ya nyumbani. Alama za simu za mwaka 2020 nchini Marekani zilionyesha kwamba wakazi wa mitaa ya wenye kipato kikubwa walipunguza safari zao kuliko wakazi wa mitaa ya maskini, ingawa amri ilikuwa moja. Maskini hawakuwa na ujasiri zaidi wala elimu pungufu; kazi zao hazifanyiki nyumbani. Katika miji yetu, ambako wengi hula leo kile walichokipata leo, jambo hili ni zito zaidi. Amri ya kubaki nyumbani isiyoambatana na chakula humpa mtu uchaguzi kati ya hatari ya wiki ijayo na njaa ya jioni.

Nchi za Afrika Mashariki zilipima gharama hizi kwa njia tofauti mwaka 2020. Rwanda iliwaamuru watu kubaki majumbani kuanzia Machi. Kenya iliweka amri ya kutotoka nje usiku kuanzia tarehe 27 Machi. Tanzania ilifunga shule mwezi Machi na kuzifungua zote tarehe 29 Juni, bila kuwafungia watu ndani. Uganda ilifunga shule mwezi Machi, na ingawa madarasa kadhaa yalirudi kwa vipindi, shule hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote hadi Januari, 2022. Hakuna aliye na haki ya kulielewa jambo hili zaidi ya mwalimu na mwanafunzi. Kielelezo kinachohesabu maambukizo yaliyozuiwa kwa kufunga shule, lakini hakihesabu mtoto asiyerudi tena darasani, ni kielelezo cha nusu ya ukweli.

Kazi ya darasani

Walimu wa hisabati na wa elimuviumbe wanaweza kuufanya mji wa kubuni kuwa zoezi la kipindi kimoja. Wanafunzi waandike wiki katika safu ya kwanza, wagonjwa wapya katika ya pili, vifo katika ya tatu, na kizidishi katika ya nne. Kikundi kimoja kifanye hesabu kwa kuchelewa wiki tatu, kingine kwa kuchelewa wiki moja, kingine bila kuchelewa. Kikundi cha nne kiweke amri ya asilimia 30 katika wiki ya 4, na cha tano kiiweke amri hiyo hiyo katika wiki ya 8. Kisha grafu zote zichorwe katika karatasi moja na kulinganishwa. Baada ya hapo darasa lijadili: ni nani katika mji huo asiyeweza kupunguza makutano hata akitaka, na mji umfanyie nini?

Kwa njia hiyo kijana atajifunza kwamba utabiri wa maradhi si ramli. Kila utabiri una sharti lake, na sharti hilo aghalabu ni mwenendo wa watu wenyewe. Siku nyingine redio itakapotangaza kwamba maelfu watakufa, msikilizaji aliyefundishwa vizuri hatauliza tu, "Wangapi?" Atauliza pia, "Ikiwa nini?" Jibu la swali hilo la pili ndilo lenye kumwonyesha la kufanya.